Mkono wa Kichochoroni

Makina, Kibera. Jumapili, 15 Machi 1981

Tangu nchi hii ipate uhuru hajatokea mtu aliyejua kazi ya kifundo cha mkono katika mchezo wa gofu kunishinda mimi, Kavoi wa Masii, na hata kabla ya uhuru walikuwa wachache. Wazungu wenyewe walioleta mchezo walikuwa wakiniuliza. Kulikuwa na Meja mmoja mwenye masharubu niliyembebea mkoba mwaka wa sitini na nne. Mpira wake ulikuwa ukiruka kama panzi aliyeng'olewa mguu. Nikamshika mkono nikamwambia, bwana, kifundo hiki kimelala. Nikakikunja mara moja tu. Mpira uliofuata ulipita juu ya miti, ukavuka reli, na habari niliyoletewa ni kwamba uliua korongo huko Lang'ata. Meja alitokwa na machozi. Alitaka kunichukua tuende kwao nikamfunze kaka yake, nikakataa kwa sababu mahindi yangu yalikuwa hayajapaliliwa.

Naandika haya kwa sababu masika haya kuna jambo, na likitimia sitaki mtu aje kusema ni lake.

Jambo lenyewe ni hili. Jana Nalianya, nyapara wetu sisi makedi tunaobebea wachezaji mikoba ya fimbo, alitukusanya bandani akasema kijana aliyekuwa akimsaidia mwalimu wa gofu ameacha kazi. Klabu inataka mwingine na inamtaka atoke kwetu. Mvua ikipungua tutashindana Jumatatu moja, siku ambayo wenye klabu hawachezi na sisi tunaruhusiwa kukanyaga zile nyasi kama watu. Atakayemaliza kwa mapigo machache ndiye msaidizi. Ni kazi ya kudumu, sare, na chumba nyuma ya klabu. Si kukaa bandani kutwa ukingoja kuchaguliwa kama kuku wa sokoni.

Wote walinigeukia. Nimezoea. Nikawaambia wasihofu, mimi siingii, goti langu haliniruhusu tangu nyati wa Ngong aliponigonga. Nitamtoa mpwa wangu Nzomo.

Nzomo ni mtoto wa dada yangu Syombua. Ni kijana mzima, mabega kama mlango, na analala kwangu ng'ambo ya pazia tangu mwaka juzi. Dada yangu amesema asipopata kazi ya kueleweka mwaka huu arudi Masii ashike jembe, maana shamba la marehemu baba yake linaliwa na majirani. Yeye hataki kurudi. Hasemi, lakini ukimtajia nyumbani anatoka nje kuosha viatu ambavyo havina uchafu.

17 Machi

Mvua. Hakuna aliyecheza.

19 Machi

Nimeanza kumnoa.

Kichochoro chetu kiko kati ya chumba changu na ukuta wa mabati wa Bi Kaltuma, mwenye nyumba. Mtu mnene akikutana na ndoo humo, mmoja inabidi arudi. Hapo ndipo nilipojifunza mimi, na hapo ndipo namfunza Nzomo, kwa fimbo niliyoikunja mwenyewe kutoka kwa nondo na vipira vya kuokota. Mwisho wa kichochoro nimetundika gunia la nyasi, ndilo tunalolenga. Alipokuja mara ya kwanza nilimkalisha kando ya gunia lile, mwezi mzima, aniangalie tu mimi nikipiga. Huwezi kufunza mtu ambaye hajaona.

Wanaocheza penye nafasi hunyoosha mikono yote miwili nyuma. Kichochoroni ukifanya hivyo umepiga mabati. Kwa hivyo sisi mkono wa kushoto ukianza tu kwenda nyuma, kifundo kinakunjika hapo hapo, fimbo inasimama wima kama moshi usio na upepo. Kiwiko cha kulia kinabana mbavu. Kiganja cha kulia kinatazama juu kama cha mtu aliyebeba sinia la chai. Halafu unashuka, na unashuka kifundo kikiwa bado kimekunjwa. Hukifungui. Unakificha, unakificha, mpaka mikono ifike usawa wa paja, ndipo unakiachilia na fimbo inapita kama mjeledi. Ukikifungua mapema nguvu yote inamwagika njiani, kama mtu aliyetoka bombani na ndoo iliyotoboka.

Mimi husimama nyuma yake nikimshika kiwiko. Mbele hakuna pa kusimama. Fimbo ikigusa mabati kutu inatunyeshea, lakini tumezoea.

Bi Kaltuma alitoa kichwa akauliza kama ukuta tutaumaliza leo au tutabakisha kidogo cha kesho. Kutu imeingia kwenye unga wake.

24 Machi

Kihara.

Jina hili ningependa nisiliandike, lakini nisipoliandika atakayesoma hataelewa hasira yangu. Kihara wa Kawangware ana ardhi ya babake, ana vyumba vya kupangisha, ana ng'ombe wa maziwa, na bado anakuja bandani kugombania mikoba na watu wasio na kitu. Tulianza kubeba siku moja na tukachukiana siku hiyo hiyo. Nyuma ya nyumba yake kuna uwanja anaokata majani ya ng'ombe, mpana, na hapo anawafunza vijana wa kwao upuuzi wake: mkono wa kushoto unyooke kama mti wa simu, kifundo kife, bega ndilo lifanye kazi.

Leo Nzomo alijaribu mipira kando ya banda na mmoja ukatoka pembeni ukampiga mbwa wa klabu. Kihara akasema mbele ya watu wote, "Hawa wa Kibera wanapiga gofu kama mtu anayefukuza nzi chooni."

Banda zima likacheka, hata Nalianya.

Nikamjibu, "Na nyinyi mnapiga kama mtu anayefungulia ng'ombe lango, halafu ng'ombe wanakataa kutoka."

Walicheka pia. Lakini si kwa sauti ile. Nimeligeuza jambo hili kichwani kutwa nzima.

30 Machi, Jumatatu

Mvua ya asubuhi, kisha jua. Vijana walicheza, mimi nikielekeza. Nzomo alipiga mipira mitatu mizuri mpaka nikaanza kuwahurumia wengine, na wa nne ukaingia kwenye ule ua wa miiba ya kayaba. Wa tano akaugusa kichwa tu, ukabingirika kama limau. Nimeona kosa: anashika fimbo kwa nguvu, vidole vimeganda, kifundo hakipumui. Shika kama mtu aliyeshika kifaranga, nimemwambia. Tumemaliza tatizo.

6 Aprili

Hatukumaliza. Ni kiwiko. Kinatoroka mbavu akishuka. Nimemwekea kitambaa kwapani, kikianguka analala njaa.

8 Aprili

Mvua. Paa linavuja juu ya kitanda cha Nzomo, si changu.

13 Aprili

Kitambaa hakikuanguka hata mara moja na mpira bado ulikwenda unakotaka. Kwa hivyo si kiwiko. Ni mkono wa kushoto, anaugeuza kabla ya wakati. Mgongo wa mkono wa kushoto lazima utazame unakokwenda mpira, kama mtu anayemzuia mtoto asipite mlangoni. Nimemwambia hili mpaka sauti ikanikauka. Ameniuliza mbona mimi nisipige mpira wa kweli uwanjani aone. Nikamweleza kuhusu goti, jinsi nilivyoruka kutoka kwa gari la moshi la mizigo huko Athi River nikimkimbiza mwizi. Akasema alidhani ni nyati. Vijana wa siku hizi hawana adabu.

20 Aprili, Jumatatu ya Pasaka

Klabu imejaa wenyewe. Nimebeba mikoba miwili, bega hili na bega hili. Kihara alibeba mmoja na akapewa soda.

27 Aprili

Leo Nzomo alipiga vibaya kuliko siku zote na nilimpigia kelele mbele ya watu, nakubali. Nilimwita mkono wa uji. Kihara alikuwa amekaa kwenye jiwe akitafuna muwa. Aliinuka, akapita karibu nami kana kwamba mimi ni mti, akasimama mbele ya kijana akamwangalia akipiga moja. Kisha akamuuliza, "Mpira ukiondoka, unaona nini?"

Nzomo akasema anaona mpira.

"Unauona ukiondoka?"

Nzomo akainama. Alitazama viatu vyake.

Nilimwambia Kihara aende akawaulize ng'ombe wake wanaona nini. Akaenda, lakini anatabasamu. Tabasamu la mtu mwenye kitu mfukoni.

2 Mei, Jumamosi

Viatu vya Nzomo vina udongo mwekundu. Huku kwetu Makina matope ni meusi, na yananuka, hata kipofu angeyajua. Nimemuuliza alikuwa wapi akasema mtaa wa Olympic, kumwona rafiki. Olympic hakuna udongo wa namna ile. Mwekundu hivyo ni wa Kawangware.

4 Mei, Jumatatu

Nimetoka Kawangware sasa hivi na naandika kabla sijavua kofia, kwa hivyo mwandiko usamehewe.

Nilimfuata. Nilimwacha atangulie, nikapita njia ya juu, nikaulizia kwa Kihara, na kila mtoto wa Kawangware anapajua kama ni kanisa. Mke wake, Wagaki, alinikuta langoni akanikaribisha chai. Nikakataa. Ilikuwa na maziwa mengi, hilo niliona.

Nyuma ya nyumba majani yalikuwa yamekatwa, uwanja uko wazi, mtu anaweza kunyoosha mikono pande zote na asiguse kitu. Nzomo alikuwa katikati, shati amevua. Mkono wa kushoto amefungiwa ubao mwembamba kuanzia mgongo wa kiganja mpaka karibu na kiwiko, umekazwa kwa mpira wa tairi, ili kifundo kisikunjike. Kifundo changu, nilichokifanyia kazi miaka miwili, kimefungwa kama mguu wa kuku uliovunjika. Kando yupo yule Muigai, kijana wa jirani yao, ambaye naye ataingia mashindano. Na Kihara mwenyewe amesimama mbele ya mpwa wangu, uso kwa uso, ng'ambo ya mpira, ameinama kama daktari anayekagua meno.

Nikasema, "Huyo ni mtoto wa dada yangu. Si mali ya kufungwa fungwa."

"Kavoi," Kihara akasema bila kugeuka. "Nilijua pua yako itakuleta."

Nikamwambia Nzomo avae shati twende. Akasema, "Mjomba, ngoja nimalize."

Katika maisha yangu nimeambiwa maneno mengi. Nimetukanwa na mabwana walevi, nimefukuzwa na polisi. Hayakuniingia kama hilo. Nilimuuliza anamaliza nini, mkono umekwisha kufa huo. Ndipo Kihara akageuka.

"Mkono wa huyu kijana hauna ugonjwa," akasema. "Hata hicho kifundo chenu cha kichochoroni sisemi ni kibaya. Ubao ni wa kumtuliza tu. Shida yake iko juu zaidi." Akajigusa uso.

"Unasema ana wazimu?"

"Nasema wewe ndiye bingwa wa Kenya nzima. Tafuta mwenyewe."

Muigai akacheka. Nikamwambia Muigai mambo kuhusu masikio yake ambayo sitayaandika. Nikamwambia Kihara kwamba anawafunza wawili ili yeyote atakayeshinda aseme ni wake. Akasema ndiyo, kwani kuna ubaya gani. Hivyo tu. Hata hakuona haya. Wagaki alikuwa amekuja na kile kikombe mpaka uwanjani, akanishikisha, na katika hasira nikakinywa.

Nimemwambia Nzomo achague. Nikaondoka peke yangu.

5 Mei

Alikuja kuchukua godoro. Alisema Mzee Kihara amempa pa kulala mpaka siku ya mashindano. Anamwita Mzee Kihara. Mimi ananiita mjomba kwa sababu hana namna. Alisimama mlangoni kama anataka kusema kitu, akanitazama, akatazama kichochoro, kisha akaenda.

9 Mei

Mvua. Bi Kaltuma ameuliza mbona siku hizi kimya. Nikasema goti. Akauliza kama goti ndilo lilikuwa likipiga mabati yake.

14 Mei

Mvua.

18 Mei

Nalianya ametangaza: Jumatatu ijayo. Kisha mvua ya mchana ikageuza shimo la pili kuwa bwawa, akatangaza tena: tungoje.

Bandani Kihara anaeleza watu jinsi mkono mnyoofu unavyofanya kazi, na watu wanamsikiliza, wale wale niliowapa siri zangu bure. Namchukia kwa moyo wote. Namchukia jinsi anavyokunja koti lake kabla ya kukaa. Nzomo anakaa upande wao. Amenenepa.

1 Juni

Sikukuu ya Madaraka. Wenye klabu walicheza, walianguka matopeni, tukawainua.

3 Juni

Nalianya alinivuta kando. Sisi makedi tuna desturi yetu: siku ya mashindano yetu anayekubebea mkoba ni yule aliyekushika mkono mara ya kwanza, mtu wa nyumba yako. Hakodiwi wala habadilishwi. Nalianya akasema Nzomo ameniulizia. Mimi nilidhani atamtaka Kihara. Nalianya akasema Kihara anambebea Muigai, na hata kama angekuwa huru, kijana ametaja jina moja tu.

Nimesema nitafikiria. Kisha nimeosha ile kofia yangu ya kazi na kuianika.

8 Juni, Jumatatu

Niandike yote kabla sijaanza kuyarekebisha.

Nyasi zilikuwa zimelowa lakini mbingu safi. Tulicheza mashimo tisa. Wengine walikwisha mapema, na ilipofika katikati kila mtu alijua ni Nzomo na Muigai. Mimi na mpwa wangu hatukusema maneno kumi. Namkabidhi fimbo, ananirudishia. Alikuwa anapiga kile kipigo cha Kawangware, mikono mirefu, lango la ng'ombe lile lile, na mpira unakwenda. Nilijaribu kuuona ubaya wake. Nilijaribu kwa bidii. Mipira ilikwenda katikati, mmoja baada ya mwingine, na kila ulipokwenda Kihara alinitazama mimi, si mpira.

Tulifika shimo la mwisho wakiwa sawa.

Shimo hilo linapita kando ya ua wa kayaba, na ng'ambo ya ua ni Kibera. Watu walikuwa wamepanda mawe na madebe kuchungulia. Nilimwona Bi Kaltuma na gurbaba yake ya sikukuu, ile nguo ya kujifunga ya Kinubi, amenyoosha shingo juu ya miiba. Muigai akapiga vizuri, mpira wake ukalala kwenye nyasi fupi karibu na bendera. Wa Nzomo ukapata jiwe, ukaruka kushoto, ukabingirika mpaka chini ya ua, ukakaa huko.

Tulipoufikia, mpira ulikuwa hatua moja tu mbele ya ua. Ukisimama kuupiga, miiba iko nyuma ya mabega yako kama ukuta. Sheria haikuruhusu kuvunja tawi wala kulishikilia. Kunyoosha mkono nyuma haiwezekani. Asipotoka hapo kwa pigo moja kazi imekwenda kwa Muigai, na yeye amekwenda Masii.

Nzomo alijaribu kuinua fimbo kama alivyofunzwa, miiba ikaishika. Akajaribu tena, ikaishika. Akamtazama Kihara.

Kihara akainua mikono. "Hapo mimi sina dawa," akasema. "Hapo ni kwenu."

Alisema kama tusi. Lakini ilikuwa kweli, pale palikuwa kichochoro. Nikamwambia Nzomo: kifundo mapema, kiwiko mbavuni, sinia la chai. Akaitikia kwa kichwa. Nikataka kusimama nyuma yake nimshike kiwiko kama kawaida, nikakuta nyuma ni miiba. Kwa hivyo nikazunguka mbele, ng'ambo ya mpira, nikachuchumaa nimwonyeshe upenyo wa kupitishia.

"Goti limepona leo?" Kihara akasema.

Nzomo alikuwa anajaribu pigo bila kugusa mpira, na mimi kwa mara ya kwanza tangu nianze kumfunza nilikuwa namtazama usoni. Mikono ilipanda vizuri. Kifundo kilikunjika pale pale. Alishuka amekificha, amekificha, kama nilivyomfunza, hata kidole hakikukosea. Na alipofika usawa wa paja akafumba macho. Aliyafumba kabisa, na mdomo ukapinda upande mmoja, kama mtu anayengoja kofi.

Nikamwambia ajaribu tena. Akafumba tena.

"Fumbua macho," nikasema.

"Yamefumbuka, mjomba."

"Hayajafumbuka. Nani alikufunza hivyo?"

Aliangalia alipo Kihara, kisha akainama kama anayefunga kamba ya kiatu ili wasisikie.

"Si ulinikalisha kando ya gunia," akasema. "Nilikuwa nakuona. Ndivyo ulivyokuwa ukifanya kila mara. Nilidhani ni sehemu ya pigo. Mzee Kihara alinitoa hiyo kwa ule mkono mrefu, lakini huu wa kwetu unakuja nayo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, mjomba?"

Kihara akauliza kwa sauti kama tunasali au tunacheza.

Miguu yangu ilitaka kuondoka. Ningeweza kusema jua limenichoma, ningeweza kusema chochote, nina maneno mengi kuliko mtu yeyote bandani. Nilibaki nimechuchumaa. Nikamwambia, polepole, kwamba hapa hakuna mabati. Hakuna kutu itakayomwangukia. Nyuma yake ni majani tu. Akunje kifundo kama siku zote, abane kiwiko, na mpira ukiondoka aniambie chini yake kulikuwa na nini.

"Chini ya mpira?"

"Chini ya mpira. Nataka kujua."

Akasimama. Fimbo ikapanda wima kama moshi, haikugusa hata jani moja. Sikutazama mikono. Nilitazama macho. Yalitetemeka kwenye kope, yalitaka kufunga, na hayakufunga. Nikasikia mlio, ule mlio mkavu usio na kelele, na watu wa Kibera wakanguruma juu ya ua. Mimi sikuona mpira ulikokwenda. Nilikuwa bado namtazama yeye, naye bado anatazama chini.

"Siafu," akasema. "Mjomba, kulikuwa na siafu mmoja."

Mpira ulikuwa karibu na bendera kuliko wa Muigai. Muigai alisukuma kwa nguvu mno, kwa ule mkono wake mnyoofu wa Kawangware, akahitaji mapigo matatu kuuingiza. Nzomo moja tu. Imekwisha.

Katibu wa klabu alikuja kumpa mkono na akauliza amefunzwa na nani. Kihara alikwisha fungua mdomo, nami pia. Nzomo akasema, "Mjomba wangu alinifunza mikono. Mzee Kihara alinifunza macho." Katibu akacheka, hakuelewa. Banda likacheka, halikuelewa.

Kihara alielewa. Alinisogelea, akakunja koti lake juu ya mkono, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Na hayo macho, nani aliyaharibu?"

12 Juni

Nilidhani angesema bandani. Hakusema. Angesema tungepigana na ingekwisha. Badala yake, kila asubuhi nikiingia, anainua kichwa kutoka kwa muwa wake na kunifumbia jicho moja. Jicho moja tu, taratibu, na watu wanadhani tumepatana. Sijapata kumchukia mtu hivi.

21 Juni, Jumapili

Mvua imekwisha. Nzomo amehamia kwenye chumba chake nyuma ya klabu, ana sare yenye mfuko kifuani, na anawafunza mabwana na mabibi kukunja kifundo. Nimewaambia watu wote kutoka Makina mpaka Olympic kuwa kifundo kile ni changu, na hilo ni kweli. Dada yangu Syombua ameleta gunia la mbaazi kwa shukrani. Akaagiza nusu nimpelekee yule mzee mwema wa Kawangware. Nimempelekea robo. Wagaki akanipa chai.

Jana Nzomo alipita kunisalimu. Alikaa, akazungumza habari za mama yake, na alipoinuka akasema, akitazama mlango, "Mjomba, Jumatatu uje uwanjani. Upige wewe, mimi nisimame mbele."

Nikamwambia goti. Nikamweleza yale mafuriko ya sitini na moja, nilivyomwokoa mtoto na gogo likanigonga. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akaniambia pole, akaenda.

Asubuhi hii nimeingia kichochoroni peke yangu na ile nondo, Bi Kaltuma alipokwenda sokoni. Nimepiga mara nyingi, na kila mara nimejiambia kabla kwamba safari hii nitaona kilichoko chini ya mpira.

Goti langu ni zima. Halijawahi kuona nyati. Nikishuka na fimbo, kifundo kikiwa kimejificha vizuri kuliko cha mtu yeyote katika Kenya hii, nafumba macho.